Mkanda, Skatingi na Upapi: Nyumba Hurembwa Kwenye Maungio

Ukitaka kujua nyumba imejengwa vipi, ingia sebuleni baada ya magharibi, zima taa zote, washa tochi ya simu na uilaze ukutani ili mwanga uteleze juu ya plasta. Ukuta ulioonekana mchana umenyooka kama karatasi utaonyesha mabonde na vilima. Sasa sogeza mwanga pembeni: pale ukuta unapokutana na dari, pale fremu ya mlango inapogusa plasta, pale tofali linapokanyaga sakafu. Mistari myembamba myeusi utakayoiona hapo haikuletwa na uzembe peke yake. Plasta ya saruji husinyaa inapokauka. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika ikavimba, kiangazi ikaurudisha. Bati na kenchi hutanuka kwa jua la saa saba na kurudi usiku, na dari iliyofungwa chini yake husogea pamoja nazo. Vitu visivyotembea kwa mwendo mmoja vikikutanishwa, mwanya utatokea tu, hata fundi awe hodari namna gani.

Mkanda wa dari, skatingi na ubao unaozungushwa kwenye fremu vyote vilizaliwa kwenye mwanya huo. Kazi yao ya kwanza ni kuufunika na kuuacha usogee bila kuonekana. Maua, mawimbi na mifereji vilipandishwa juu ya kazi hiyo baadaye. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi tunachagua urembo kinyume: tunaanza na picha ya sebule ya mtu kwenye simu, tunampelekea fundi, tunamwambia "nataka kama hii", halafu ndipo tunatafuta pa kuibandika. Nimejenga kwa njia hiyo na nimeilipia. Ninachotetea hapa ni utaratibu mwingine: kila kipande cha urembo kiulizwe kwanza kinafunika nini, kisha kitakaa kwenye unyevu gani, kisha mwanga utakifikia kutoka wapi. Uzuri wa ua uwe swali la mwisho.

Mafundi wa pwani walilifahamu hilo kabla mikanda ya jipsamu haijafika madukani. Tazama mlango wa nakshi wa Unguja au Lamu. Wageni hupiga picha mbao mbili za kufungua na njumu zake za shaba, lakini mwenye jicho la fundi huangalia fremu. Kuna miimo miwili ya kusimama, kuna kizingiti juu, kuna mfaa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, na kuna upapi, ule ukanda mwembamba unaozunguka ukingo wa nje wa fremu. Mfaa na upapi vyote ni vifuniko vya maungio. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, fremu ni mti mgumu, na viwili hivyo havishikamani milele. Upapi ukapigiliwa hapo, na kwa kuwa ndipo jicho linaposimama, ukachongwa mnyororo au majani yanayotambaa. Methali yetu inasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Isingesemwa kama watu hawakuwa wakiipima nyumba kwa mlango wake.

Ndani ya nyumba za mawe za Lamu, hasa zile za karne ya 18, kuna somo jingine ambalo nyumba zetu za sasa zimelisahau. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa kuliko mita mbili na nusu au tatu hivi. Mwanga unaingia kutoka uani, unavuka chumba cha kwanza, unavuka cha pili, na ukifika kile kinachoitwa ndani umekwisha kuwa hafifu. Huko ndiko walikoweka zidaka: vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu kufunika ukuta mzima, vya kuwekea vyombo vya kaure na vitabu, kingo zake zikachongwa nakshi chokaa ingali mbichi. Mchongo wenyewe ni wa kina kidogo sana, na hautaki zaidi. Mwanga unaokuja kwa ubavu hurefusha kivuli, na kwenye nakshi nyeupe juu ya ukuta mweupe kinachoonekana ni kivuli tu.

Hapa ndipo picha ya simu inapotudanganya. Mkanda uliopigwa picha kwenye ukumbi wenye madirisha marefu upande mmoja utaonekana mwingine kabisa kwenye sebule yenye taa zilizochimbiwa kila upande, maana mwanga ukitoka kila mahali vivuli vinafutana na ua linabaki kama doa. Na taa za mkanda zinazofichwa ndani ya ngazi za dari hufanya kazi ile ile ya tochi niliyoitaja: mwanga wake unateleza juu ya dari na kuonyesha kila bonde. Kama aliyekupigia skimu hakuwa hodari, taa hizo zitamuumbua kila usiku. Kabla ya kuchagua ua, simama katikati ya chumba saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku, uone mwanga unatoka wapi.

Niliwahi kushinda siku nzima kwenye kibanda cha mafundi wa jipsamu kando ya barabara jijini Dar es Salaam, nikitazama mkanda unavyotengenezwa. Meza ndefu, juu yake molidi iliyopakwa mafuta. Kijana anaweka maji kwenye ndoo kwanza, unga baadaye, ili yasiwepo mabonge. Anakoroga, anapaka tabaka la kwanza kwa brashi ili uji uingie kila kona ya ua bila kuacha mapovu. Halafu anatandika nyuzi za katani zilizochambuliwa kama nywele, anamimina tabaka la pili, anasawazisha mgongo kwa rula ndefu ya mbao. Kisha anangoja. Ukigusa mgongo wa mkanda unapoanza kushika unahisi joto, kama la chapati iliyofunikwa kitambaa. Jipsamu ni jiwe lililochomwa kwa nyuzijoto kama 150 likapoteza robo tatu ya maji yaliyokuwa ndani yake. Ukilirudishia maji linarudi kuwa jiwe, na katika kurudi linatoa joto hilo.

Jiwe hilo tunalo. Linachimbwa Makanya wilayani Same, na Itigi mkoani Singida pia. Na katani ni ya kwetu vilevile, ingawa ilikuja ugenini: mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche yake mwaka 1893, na ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Bila nyuzi, mkanda wa jipsamu hukatika kama biskuti. Mbinu ya kuuimarisha kwa kitambaa na nyuzi ilipewa hataza jijini London mwaka 1856 kwa jina la Leonard Alexander Desachy, na ndiyo iliyowezesha mkanda kutengenezwa mezani na kubebwa mpaka nyumbani, badala ya fundi kuuvuta kwa mkono juu ya ngazi.

Kibandani ndipo pa kupima ubora, tena bila kuhitaji utaalamu. Geuza mkanda uone mgongo: nyuzi ziwe zimetapakaa mpaka ncha zote mbili, si fungu moja katikati. Gonga kwa ukucha: uliokauka hutoa mlio mwepesi unaoitika, mbichi hujibu kama kiazi. Angalia kingo za ua: zikiwa butu, molidi imechoka na ukuta wako utapata ua lililofutika. Mkanda mbichi usikubali kuupandisha hata kama fundi ana haraka, maana utakaukia juu na ufa unaweza kujitokeza kila unapoungana na mwenzake.

Adui wa jipsamu ni maji. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha takriban gramu mbili za jipsamu. Ni kidogo, lakini bati linalovuja tone kwa tone masika nzima halihesabu lita moja. Kwangu, masika ya kwanza yalitosha. Madoa ya rangi ya chai yalianza kona moja ya sebule, yakafuata mkanda, na usiku mmoja kipande cha karibu mita mbili kikashuka juu ya meza ya chakula. Tulikuwa tumelala, namshukuru Mungu. Nilimwita mzee mmoja fundi aje atazame. Alipanda ngazi, akagonga vipande vilivyobaki kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kingine, mpaka akazunguka chumba chote. Aliposhuka aliniambia, "Mwanangu, huu mkanda haukufungwa. Umebandikwa."

Maneno hayo mawili yana tofauti ya fedha nyingi. Mkanda uliobandikwa umeshikwa na uji wa jipsamu peke yake juu ya plasta, mara nyingi plasta yenye vumbi au iliyokwisha pakwa rangi. Uliofungwa una uji huo pamoja na skrubu, zinazoshika blandaringi za dari na fisha zilizotobolewa ukutani, vichwa vyake vikazibwa na kupigwa msasa. Mteja amesimama chini haoni tofauti. Kwa hiyo kaa hapo siku ya kufunga, uhesabu skrubu kwa macho yako. Na usikubali mikanda ipande kabla bati halijapitiwa na mvua moja kubwa au halijamwagiwa maji ya kutosha kulijaribu.

Kona nazo zina hesabu yake. Mkanda hukatwa mshazari wa digrii 45 kila upande ili vipande viwili vikutane, lakini hesabu hiyo inaaminika tu ukuta ukiwa na pembe ya 90 kamili. Kuta zetu nyingi hazina. Pima: kutoka konani weka alama sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili, kati ya alama hizo pawe na sentimita 100. Zikizidi, pembe imefunguka, zikipungua imebana, na mkato unapaswa kuwa nusu ya pembe ya kweli. Fundi asiyepima atajaza pengo kwa uji wa jipsamu, utaona pamenyooka siku ya kukabidhiwa, na ufa utarudi pale pale kiangazi kikiingia.

Maua makubwa ya katikati ya dari yana historia ambayo inafaa kuijua kabla ya kuyanunua. Huko Ulaya yaliwekwa juu ya taa kubwa za kuning'inia, kwenye vyumba virefu kwenda juu, na enzi za taa za gesi mengine yalitobolewa matundu ya kupitishia joto na moshi. Yalikuwa na kazi. Kwetu ua linafaa pale linapofunika tundu la waya na ndoano ya panga boi, na hapo kipenyo cha sentimita 40 hivi kinatosha chumba cha kawaida. Panga boi lenyewe lazima lining'inie kwenye kenchi au nondo iliyoshikwa na kenchi. Likifungwa kwenye jipsamu, mtikisiko wake utaipasua dari, na siku moja litashuka nayo. Ua lisilofunika kitu, lililowekwa kwenye chumba chenye dari ya mita 2.7, hufanya dari ionekane imeshuka kichwani.

Vipimo vingine navitaja kwa ufupi. Mkanda wa upana wa sentimita 8 hadi 12 unaitosha dari ya mita 2.7 hadi 3. Dari ya ngazi mbili hula sentimita 15 au zaidi, kwa hiyo pima urefu wa chumba kutoka ngazi ya chini, si ile ya juu. Mkanda wa sebuleni hauhitaji kufanana na wa vyumbani, ila pale vyumba viwili vinapoonana kwa uwazi bila mlango.

Nimewaona watu wakimaliza bajeti darini huku skatingi ikiachwa kwa fundi taili "amalizie". Ni kosa linaloniuma kuliko yote, kwa sababu chini ndiko nyumba inakoumia. Tambara la kudekia linapiga hapo kila siku, miguu ya viti inapiga hapo, watoto wanaegesha baiskeli hapo. Ukuta uliopakwa rangi ya maji mpaka sakafuni hauvumilii mwaka bila kupata utepe wa uchafu. Kwa nyumba inayodekiwa kwa maji mengi, kama zilivyo nyingi za kwetu, skatingi ya taili ya sentimita 10 ndiyo chaguo langu. Ila fundi asawazishe plasta ili isitokeze kama rafu ya kukusanya vumbi, na ukingo wa juu uzibwe vizuri. Skatingi ya mbao ni nzuri mno kwa macho, lakini inataka nyumba ya kufagia na kupangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na inyanyuliwe milimita chache kutoka sakafuni ili isinywe maji kwa ncha. Ile ya mbao za unga uliogandamizwa na gundi naikataa chini kabisa: ikilowa mara moja huvimba, na haishuki tena.

Mbao ya kuzungushia fremu ndiyo mrithi wa upapi, na ndipo ninaposhauri fedha iende. Mkono unapita hapo mara nyingi kwa siku, na mgeni anasimama akiielekea mlango ukifunguliwa. Mninga, mkongo na mtiki havimpendezi mchwa na havipindi ovyo vikikaushwa sawasawa. Msindano wa Sao Hill ni nafuu na unachongeka vizuri, lakini bila dawa mchwa atakula kutoka nyuma, na utajua siku unapousukuma kwa kidole ukabonyea. Upana wa sentimita 6 hadi 8 unatosha. Jambo ambalo mafundi vijana wengi hawaambiwi ni hili: mbao ya mlango iwe nene kuliko skatingi, ili skatingi ije ikomee ubavuni mwake. Skatingi ikiwa nene, ncha yake itachungulia mbele ya mlango kama jino lililotoka nje, na hakuna rangi itakayolificha.

Kuna mikanda ya plastiki na ya povu jeupe, lile la kufungashia redio. Ni myepesi, haiogopi maji, mtu anaweza kuibandika mwenyewe kwa gundi Jumamosi moja. Chooni na bafuni, ambako jipsamu haina maisha, plastiki ngumu inakubalika. Povu silipendekezi ndani ya nyumba ya kulala. Likishika moto linayeyuka na kudondosha matone yanayowaka, na moshi wake ni mweusi na mzito. Nyumba zetu nyingi zina madirisha yenye nondo na mlango mmoja wa kutokea. Ukanda wa povu unaozunguka dari nzima juu ya vitanda vya watoto ni hatari isiyolingana na bei yake.

Kwa wanaoishi ndani ya kuta za mawe na chokaa, Mji Mkongwe, Lamu, Mombasa, Bagamoyo, ushauri wangu ni mkali zaidi. Ukuta ule unapandisha unyevu na chumvi kutoka chini na kuupumua nje kupitia chokaa. Ukiufunika kwa plasta ya saruji au mbao za jipsamu, unyevu hautoki; unajikusanya nyuma yake na kupanda juu, chumvi inasukuma rangi mpaka inabanduka kama magamba. Rekebisha chokaa kwa chokaa. Na kama kuna upapi wa zamani mlangoni, hata umeliwa kipande, usiung'oe ili upate mahali pa ubao mpya unaong'aa. Patasi ya seremala mzuri inaweza kuunganisha kipande kilichopotea. Ukishauzwa pamoja na mlango wake, nyumba imebaki na tundu.

Nje ya nyumba kanuni ni ile ile, ila maji ndiyo mwamuzi. Mkanda wa saruji juu ya dirisha una maana pale unapotokeza na kuchimbwa mfereji mdogo upande wake wa chini, ili tone la mvua lifike hapo lianguke badala ya kurudi ukutani. Mkanda usio na mfereji huo hukusanya vumbi na kulimwaga na mvua, na baada ya misimu miwili kila dirisha linakuwa na michirizi myeusi kama ya machozi. Nguzo za mapambo mbele ya baraza zisizobeba kitu sina la kuzisemea zaidi ya kwamba fedha yake ingelipia mbao nzuri ya mlango kila chumba.

Basi mwenye fedha ya kujenga kwa awamu aifuate njia hii: bati lisivuje, plasta ikauke, skatingi iwekwe, milango izungushiwe mbao nzuri, na mikanda ya dari ije baada ya hapo, sebuleni kwanza. Maua yasubiri. Na kabla fundi wa jipsamu hajaondoka, mwombe akuachie mikanda miwili mizima ya molidi ile ile. Molidi huvunjika, vibanda huhama, na ua lililokuwa kila duka mwaka huu huenda usilipate tena miaka mitatu ijayo bati litakapovuja. Iweke imelala bapa juu ya kabati, mbali na sakafu na mbali na ukuta wa bafu.